Nguo Zangu Zilinitangulia Nyumbani

Hadithi hii inanionyesha mjinga, na nalisema hilo mapema usije ukadhani umeligundua wewe. Mtu aliyekuwa wa tatu katika mbio za maili ishirini na sita, akasimama kando ya barabara kumpisha mtu ambaye hayupo, tena akampigia saluti, hana la kujitetea. Na huo ndio ujinga mdogo. Mkubwa uko mbele.

Naandika kwa sababu dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda na mgawa dawa, aliniambia vijana wengi waliorudi vitani wana homa hii yangu, ile inayoaga vizuri ikaondoka, halafu ikarudi kama mgeni aliyesahau bakora yake. Wanakaa nayo ndani wakiona haya. Mimi haya nilizaliwa sina, basi kazi ikaniangukia. Mambo ya mbu na damu mwulize yeye dresa. Mimi nitakueleza ilivyokuwa kukaa nayo.

Kwanza ujue nilivyojifunza kukimbia. Babu yangu ni mgema, minazi yake iko Jomvu. Tembo la asubuhi ni tamu, lakini jua likipanda linachachuka, na wanywaji wetu, watu wa reli pale Changamwe, wakiletewa lililochachuka walikuwa wakilirudisha na matusi juu yake. Kwa hiyo tangu niko shule nilikuwa nikitwikwa kibuyu kichwani nikaambiwa kimbia. Kukimbia na kibuyu kuna ufundi wake. Shingo inasimama, mabega hayatikisiki, kazi yote ni ya magoti na nyayo. Ukidunda linamwagika, na Babu alikuwa na fimbo. Nimekua hivyo mpaka leo: hata mikono mitupu, nakimbia kama mtu aliyetwikwa kitu. Watu wa nyumbani walikuwa wakisikia nyayo zangu tu, hawajaniona, wanajua Chengo huyo anakuja. Pa-pa, pa-pa, fupi fupi, hazina kishindo.

Jeshini walinicheka sana. Tulipopelekwa Seiloni, kisiwa kilicho chini ya Bara Hindi, ofisa mmoja wa michezo aliniona napeleka ujumbe kutoka kambi moja hadi nyingine, akasema huyu hakimbii, huyu anateleza. Akaandika jina langu kwenye mbio za Pasaka. Wazungu waliziita marathoni. Wangekimbia Waingereza, Wahindi na sisi, maili ishirini na sita na kipande. Nikamwuliza hicho kipande nacho ni cha nini, kwani ishirini na sita hazitoshi kumwua mtu.

Wiki kadhaa kabla ya mbio kukawa na ukaguzi wa mizigo, nguo za kiraia zikapigwa marufuku. Mimi nilikuwa bado nimezitunza nilizoondoka nazo nyumbani: suruali yangu, na shati jeupe alilonishonea Mama kwa mkono wake. Nikazikunja, nikatia na viatu vya ngozi vipya nilivyomnunulia Baba huko huko, nikafunga bunda. Rafiki yangu Nzai, mtu wa Mazeras, alikuwa anarudishwa kwa ajili ya mguu uliovunjika, nikampa apeleke kwetu.

Na barua nilikuwa nayo. Nilikuwa sijaandika nyumbani tangu mvua za mwaka uliopita, uvivu tu. Mwenye akili angeiweka barua juu ya bunda. Mimi nikaikunja nyembamba nikaishonea ndani ya pindo la mkono wa shati. Nilijua Baba atalivaa shati lile kanisani, karatasi itamkwaruza kifundo katikati ya mahubiri, atajikuna mpaka mchungaji amkodolee macho. Nilitaka kicheko hicho kiwepo hata kama mimi sipo.

Ikumbuke barua hiyo. Mimi niliisahau siku ile ile.

Jumamosi ya Pasaka tuliondoka saa tatu ya asubuhi, jua limeshakuwa kali. Sitakuchosha na maili za mwanzo, zilikuwa maili. Kufika ya kumi na nane mbele yangu walibaki wawili tu, Mhindi mmoja mrefu na Mwingereza mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Nyuma yangu barabara ilikuwa tupu. Pande zote mbili miti ya mpira, imepangwa mistari mistari, kimya, hata ndege hakuna.

Hapo nikasikia mtu nyuma. Pa-pa, pa-pa.

Nikasema ni mwangwi wangu. Nikaongeza mwendo, nikapunguza, nikaruka hatua moja makusudi. Ukibadilika wewe, mwangwi nao unabadilika. Hizi nyayo hazikubadilika. Nikageuka. Barabara nyeupe, jua linacheza juu yake, hakuna hata mbwa. Nikatazama mbele tena, na zikaanza tena.

Halafu baridi. Baridi ya kweli, chini ya jua lile, ikianzia kwenye nyayo na kupanda polepole, kama mtu anayeteremka kisimani ngazi moja moja. Ilipofika magotini nikaonja udongo mdomoni. Si vumbi, vumbi la barabarani nilikuwa nalila tangu asubuhi na ladha yake naijua. Huu ulikuwa udongo mbichi, ule wa chini, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Nikatema. Mate yalikuwa meupe, safi.

Mimi nikiogopa nafanya mzaha, ndivyo nilivyo. Nikasema kwa sauti, bwana, kama una haraka si upite. Hakupita. Tukaenda naye hivyo maili saba, mimi na yeye. Nilipoanza kuwaona watu wa mwisho wa mbio, na bendera, na bendi inapiga, pumzi ilikuwa imeshanifika shingoni. Sikuweza tena. Nikasogea kando, nikasimama wima, nikapiga saluti.

Akapita. Upepo mdogo ulinigusa shavu, na nyayo zikanitangulia. Lakini hazikwenda kwenye bendera. Ziliacha barabara zikakata kushoto, upande wa bahari, upande wa kwetu, na nilizisikia zikienda mpaka zikapotea. Mhindi mwingine aliyekuwa nyuma na Waingereza wanne wakanipita nimesimama vile vile, mkono uko kwenye kipaji cha uso. Watu walidhani nawafanyia mchezo. Wakapiga makofi. Kisha nikaanguka.

Hospitali yenyewe ilikuwa mahema, na kalenda yetu ilikuwa ya sindano. Wiki ya kwanza ya sindano sikumbuki. Ya pili nilimjua mtu wa kitanda cha jirani, Mkamba mmoja mpole. Kwinini, ile dawa chungu ya malaria, ilikuwa imeniingia masikioni, masikio yanalia kama nyenje, na ndani ya ule mlio zile nyayo zilikuwa zinarudi. Nikamwuliza kama na yeye anasikia mtu anakimbia. Akatega sikio, akafikiri, akasema yeye anasikia treni, tena ya mizigo. Tukacheka mpaka muuguzi akaja. Basi na wewe unayeumwa nakwambia: mtafute wa kitanda cha pili, mwulize anasikia nini. Utalala vizuri zaidi.

Homa ikaondoka, ikarudi. Ikaondoka, ikarudi. Miguu yangu, ile iliyokuwa mali yangu pekee, ikawa miembamba kama mwiko. Nywele zikabaki kwenye mto. Halafu wakanianzishia vidonge vya manjano, vichungu vya kukunja uso, na ngozi nayo ikageuka manjano. Si kidogo. Viganja, uso, mpaka weupe wa macho, kama nimepikwa kwenye bizari. Mfagiaji mmoja, mzee wa kule kule, tulikuwa hatuna lugha hata moja ya kuzungumza, alikuwa akinipasulia dafu kila siku mchana. Madafu ya kwao yana rangi ya chungwa. Alinyanyua dafu akaliweka karibu na uso wangu, akatutazama wote wawili, akatingisha kichwa kama anayesema ndugu hawa. Sijasahau wema wake.

Vita vikaisha mimi niko kitandani. Wakanipa chupa ya vidonge vya miezi mitatu, daktari akasema nisikose hata siku moja, hata nikijiona mzima. Nikapanda meli.

Nilifika nyumbani Changamwe kwa miguu kutoka bandarini, mchana, saa ile ambayo kwetu watoto wanaitwa ndani kwa sababu ya jua na ya mengine yanayotembea na jua. Dada yangu Kadzo alikuwa uani anapepeta mchele, mtoto mchanga mgongoni. Aliniona. Hakupiga kelele. Alinitazama miguuni, akatazama kivuli changu kama kipo, akaweka ungo chini taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka ndani.

Baba akatoka. Akasimama mbali.

"Wewe ni nani?"

"Chengo, Baba. Shikamoo."

"Chengo wa nani?"

"Wako, kama hujaniuza."

Baba ni mtu wa kucheka. Hakucheka, wala marahaba hakuitikia. Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya jiko, nami nikaenda kutazama. Kwenye mipapai palikuwa na kaburi dogo, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na msalaba wa mti una jina langu. Angalau hawakukosea herufi.

Ilikuwa hivi. Nzai alipita steshini ya Changamwe na treni haikusimama sana, akampa kuli mmoja bunda kupitia dirishani, akamtajia jina la Baba, gari likaondoka. Kuli akalileta kwetu, neno hana. Sasa wakati ule kule Miritini kulikuwa na nyumba iliyoletewa nguo za mtoto wao vivyo hivyo, bila mwenyewe, na miezi miwili baadaye ikafika barua ya serikali kwamba amekufa. Kila mtu alikuwa analijua hilo. Mama alipofungua bunda akaliona shati alilolishona, na mimi sijaandika karibu mwaka, nani angemlaumu? Baba alitaka wangoje barua. Babu akasema barua ya serikali inakuja na kobe. Kwetu mtu akifia ugenini, kikipatikana chake kinazikwa hicho, apate pa kufikia, asitangetange. Wakazika bunda. Shati, suruali, viatu. Na barua ndani ya pindo.

Mwezi uliofuata Kadzo akajifungua, wakampa mtoto jina langu.

Nikauliza walizika lini. Kadzo akajibu akiwa ndani ya mlango, Jumamosi ya Pasaka, asubuhi, kabla jua halijachoma. Karani wa meli alikuwa ameniambia kwamba jua la Seiloni linatangulia la kwetu kwa saa mbili na zaidi. Wakati wanachimba hapa asubuhi, kule ulikuwa unakaribia mchana. Nilikaa chini pale pale kwenye mawe ya chokaa. Kumbe nimekalia kaburi langu. Kadzo akaniambia kwa upole niondoke hapo.

Nikapewa banda la makuti nje. Babu alitaka bunda lifukuliwe siku hiyo hiyo, kwa mila. Mchungaji akasema hayo ni mambo ya giza, kijana yuko hai, mshukuruni Mungu basi. Baba katikati. Lakini lote halikuwa na maana, kwa sababu kwetu aliyeweka ndiye anayetoa, na aliyeweka bunda shimoni kwa mikono yake ni Mama.

Na Mama hakusema na mimi.

Alinipikia, nisiseme uongo. Wali, mchicha, samaki mwenye tui, na mimi nilikuwa sili kitu. Alikuwa akija mpaka nusu ya uwanja, anaweka sahani juu ya kinu kilichopinduliwa, anaondoka. Hakuniangalia usoni. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Mtoto wa Kadzo alimwita "huyu". Nilijaribu mizaha yangu yote. Nikamwambia Mama, mzimu hauombi chumvi, na samaki huyu hana chumvi. Akarudi na chumvi, akaiweka kwenye kinu, akaondoka. Tangu niondoke nyumbani nilikuwa nalilia sauti ya mwanamke huyo kuniita nikiwa nimefanya kosa. Sasa nimerudi na siipati.

Kila Jumatatu nilikwenda hospitali. Wewe uliyekalia benchi lile unalijua: refu, limeng'arishwa na makalio ya watu, na kila mmoja na chupa yake tupu mapajani ya kutilia dawa ya maji, kwa sababu hospitali haina chupa. Ukisahau chupa umesahau ugonjwa. Hapo kuna mama aliyekuwa na chupa ya marashi, mzee na chupa ya mafuta ya taa ambayo dresa aliinusa akamrudishia. Unasogea kidogo kidogo, kama unaingizwa mdomoni mwa kitu kinachotafuna polepole. Watu walikuwa wakiniachia nafasi pande zote mbili kwa sababu ya rangi yangu. Nikawaambia siambukizi, mimi ni pilau tu. Mwenye chupa ya marashi alicheka, akasogea karibu. Mungu ambariki.

Siku moja nikamsikia Kadzo jikoni anamwambia Mama, lakini ndiye yeye, ila yale macho, Mama, yale macho kama bizari. Ndipo nikapata akili, na ndio ujinga mkubwa niliokuahidi. Nikasema kumbe ni rangi. Mama ananiogopa kwa rangi hii. Vidonge ndivyo vinavyoileta, basi nikiacha vidonge, rangi itaondoka, Mama ataniona mwanawe.

Nikaanza kuvichomeka kwenye makuti ya paa. Kimoja kila siku. Dresa akiniuliza kama nameza, nasema nameza. Na kweli, siku zikaenda, manjano ikaanza kupauka. Viganja kwanza, halafu macho. Nikawa nakaa uwanjani makusudi mahali anapopita. Siku moja, wakati vuli inaanza, akaweka sahani, akainua macho akanitazama, kitambo kidogo kama kufumba na kufumbua. Nilikula sahani yote. Nikamwambia kuku aliyekuwa karibu, umeona?

Wiki hiyo hiyo homa ikarudi, na safari hii haikubisha hodi.

Yaliyofuata mengine nimehadithiwa. Mimi nilichojua ni kwamba niko kwenye miti ya mpira, mbio hazijaisha, na nimebakisha maili chache. Kumbe nimetoka bandani saa saba mchana, shuka kiunoni, nimeshika barabara ya kuteremkia reli, shingo imesimama. Waliokuwa vibarazani waliniona. Hakuna aliyenizuia. Wewe ungemzuia mtu aliyezikwa, anakimbia mchana, kama aliyetwikwa kibuyu kisichoonekana?

Mdomoni udongo. Magotini baridi. Na nyuma yangu, pa-pa, pa-pa, miguu mitupu.

Nikasema leo sipishi. Nimempisha mara moja ikanigharimu. Nikaongeza mwendo, na mbele naona bendera nyekundu na bendi inavuma, inavuma zaidi na zaidi. Bendera alikuwa nayo mlinzi wa geti la reli, anapunga kama mwenda wazimu. Bendi ilikuwa treni.

"Chengo!"

Nilisimama. Sikuamua kusimama, miguu yenyewe ilisimama, kama inavyosimama mtoto aliyeshikwa na embe la jirani. Nikasema, "Naam, Mama," na gari la mizigo likapita mbele yangu karibu hivi kwamba moto wake ulinikausha jasho la usoni. Nikageuka. Mara hii kulikuwa na mtu. Mama yangu, kanga imefunguka, kichwa wazi, miguu mitupu imechanika kwa kokoto, anahema. Wanawake wa kwetu huteka maji kisimani na mtungi kichwani. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye anakimbia hivyo, shingo imesimama.

Alinishika kabla sijafika chini.

Hospitalini karani akauliza jina la mgonjwa, Baba akafungua mdomo, Mama akamtangulia. Karani akaandika. Mama akalirudia. Karani akasema amesikia, bibi. Mama akalirudia mara ya tatu, akamwambia asome alichoandika.

Niliungama kwa dresa habari ya vidonge na makuti. Hakunigombeza mbele ya watu, huo nao ni wema. Alinikalisha siku ya pili akaniambia, umejificha ndani ya nyumba inayowaka kwa sababu hupendi rangi ya maji. Mama hakuruhusiwa kulala wodini. Dresa akajifanya hamwoni chini ya kitanda, siku kumi na moja. Sindano, halafu kwinini, halafu vidonge vya manjano mwanzo hadi mwisho, na Mama ndiye aliyenitia mdomoni, anangoja nimeze, anasema fungua nione. Nikawa bizari tena. Akanikamua juisi ya machungwa akasema angalau sasa tunajua manjano ipi ni yako na ipi ya chungwa. Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza.

Niliporudi nyumbani alichukua jembe mwenyewe. Mchungaji hakuitwa, wala Babu hakupewa nafasi ya kusema. Akaondoa mawe, akachimba, akatoa bunda, akalifungua uani mbele yetu sote. Suruali ilikuwa imeliwa na mchwa. Shati lilikuwa limekwisha nusu, lakini mkono mmoja upo, na ndani ya pindo barua. Nikaisoma kwa sauti. Mistari iliyobaki ilikuwa mitatu: kwamba mimi ni mzima, kwamba wasilie, na kwamba Baba ajikune polepole, mchungaji anamtazama. Baba akatoka nje ya uwanja. Alikaa huko muda mrefu.

Viatu vilikuwa vizima. Vile vipya, ambavyo hakuna mguu uliowahi kuingia. Babu akavigeuza. Soli zilikuwa zimelika, kisigino chembamba kama karatasi, zimelika sawasawa pande zote mbili, kama za mtu aliyetoka mbali. Baba akasema ni mchwa. Tukakubaliana wote kwamba ni mchwa. Havijavaliwa na mtu mpaka leo.

Ni mwaka wa pili sasa. Homa haijarudi. Sijui ni vidonge au ni jembe, na ukiniuliza nitakwambia meza vidonge, vyote, mpaka cha mwisho, hata ukiwa na rangi ya embe bivu. Hayo ya jembe ni ya kwetu. Nakimbia kidogo asubuhi, mpaka relini na kurudi. Nyuma yangu hakuna mtu. Nageuka lakini.

Mwezi uliopita Mama alikuwa uani anasuka makuti, mimi nampa majani, mtoto wa Kadzo anacheza kati yetu. Siku hizi mimi na mtoto huyo tunaitwa Chengo mkubwa na Chengo wa manjano; mkubwa ni yeye. Nikamwambia Mama kwa mzaha kwamba ningejua kuwa ananiogopa bizari tu, ningejipaka chokaa.

Akaendelea kusuka. Akasema haikuwa rangi.

Akanieleza kwamba siku ile ya Pasaka, walipomaliza kufukia, watu wakatawanyika, yeye akaingia ndani peke yake. Akasikia nje mtu anakimbia. Anakuja kutoka upande wa pwani, mwendo wa mtu aliyetwikwa kibuyu cha tembo, pa-pa, pa-pa. Mtu huyo akazunguka nyumba mara tatu. Akasimama mlangoni, hakubisha.

"Nilizijua nyayo," Mama akasema. "Nani angezijua kama si mimi? Nilijua ni wewe, na nikatia komeo." Akakaza ukuti, akaung'ata ncha, akanitazama usoni. "Siku nyingine ukija, mwanangu, hata ukija vile, nitafungua."